Jicho la Dereva wa Miwa

Otonglo, Kisumu
11 Mei 2025

Mwanangu Sheryl,

Pokea salamu zangu na za Anti Akinyi. Natumai kikohozi ulichoondoka nacho nyumbani kimekwisha na kwamba unakula, si kusoma tu. Huku tunaendelea, ila kuna jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na mtu wa Muhoroni akiwa amelipaka rangi.

Jicho langu la kushoto linauma. Si vumbi. Nilidhani ni vumbi, au jivu la miwa iliyochomwa, maana kwa siku kadhaa nilisikia kama mtu ananisukuma na kidole gumba kutoka nyuma ya jicho. Zahanati walinipa matone ya macho mekundu. Nikayatia, na bado kope ikazidi kuvimba, ikashuka kama pazia.

Halafu Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa naelekea kiwandani na trela mbili zimejaa miwa. Barabara ikagawanyika. Lori lililokuwa linakuja mbele likawa malori mawili, na sikujua lipi ni la kweli. Nilipunguza mwendo, nikatoka pembeni, nikazima trekta. Nikamwambia Griffins, yule msaidizi wangu, "Shika usukani. Mimi sioni sawasawa." Akapanda kwenye kiti changu huku akiniangalia. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Basi nikaja Kisumu, hospitali kubwa, na huko nimekutana na daktari wa macho anayeitwa Beldina. Sheryl, mimi nimeshaonwa na madaktari wengi, lakini huyu ni mtu wa namna nyingine. Hakuandika dawa kabla sijakaa. Aliniambia nifuate kidole chake kwa macho, juu, chini, kando, na kila nilipogeuza jicho maumivu yalinichoma. Akachukua kifuniko chekundu cha chupa ya soda, akanionyesha huku akinifunika kwa mkono jicho moja kisha la pili, akauliza kama wekundu ni uleule. Ulikuwa uleule. Akafurahi, akasema mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo bado haujabanwa.

Akanieleza kwamba shida haiko kwenye jicho lenyewe. Iko ndani ya tundu la mfupa linalolibeba. Kitu kimevimba mle, na tundu ni la mfupa, haliwezi kutanuka, kwa hivyo jicho linasukumwa nje. Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema, "Mama, bado sijui. Inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa tezi ya shingoni, inaweza kuwa kitu kingine. Lakini sitakupa dawa ya kubahatisha." Sikutegemea daktari aseme hajui. Badala ya kuogopa nilitulia.

Nililazwa, wakanidunga sindano za kuua bakteria huku wakisubiri majibu ya damu. Hazikusaidia. Nikapigwa picha ya kichwa kwenye ile mashine ya duara, na ndiyo iliyoonyesha: msuli mmoja unaogeuza jicho umenenepa kuliko wenzake. Sasa nimeruhusiwa kulala kwa Anti Akinyi, na kesho narudi kwa daktari.

Usiache vitabu kwa sababu yangu. Naandika nikiwa nimefumba jicho moja, ndiyo maana mistari inapanda kilima.

Mama yako


Maseno
18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na nafuu, na Anti Akinyi pia hajambo na duka lake la nguo. Mimi ni mzima. Kikohozi kiliisha.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya mwalimu wa zamu, nikaisoma tena bwenini, kisha nikamsomea Maryanne, anayekaa nami dawati moja. Alipofika mahali ulipozima trekta alisema, "Mama yako aliokoa watu." Mimi nilikuwa bado nalia, sikuwa nimeliona hilo. Ni kweli. Kuna madereva wanaume ambao wangeendelea tu hadi kiwandani, waone aibu kumpa mwingine usukani.

Mama, naomba ruhusa nije. Nimeshazungumza na mwalimu mkuu wa bweni, amesema ukiandika barua wataniachilia kwa wiki moja. Nani anakusindikiza hospitali? Nani anakutilia chakula ikiwa huoni sahani vizuri? Niko kidato cha nne, najua, lakini wiki moja haiwezi kuniangusha.

Pia nijibu hili bila kunificha: jicho linaweza kupofuka?

Ni mimi binti yako,
Sheryl


Otonglo
2 Juni 2025

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Anti anakusalimu na anasema usimhurumie, anakula vizuri kuliko mimi. Yaani alikuwa anakula vizuri kuliko mimi, maana tangu nianze vidonge hakuna anayenishinda mezani.

Kwanza nikujibu swali lako. Lingeweza kupofuka, kama lingeachwa. Daktari Beldina hakunificha, na mimi sikufichi. Ndiyo maana kila ninapoingia ananipima uwezo wa kuona kwanza, hata kabla ya kuniuliza nimeamkaje.

Sasa habari njema. Majibu ya damu yalirudi: si tezi, si kifua kikuu, sukari iko sawa. Daktari akaniketisha pamoja na Anti akasema anaamini kinga ya mwili wangu imekosea adui. Inashambulia nyama ya nyuma ya jicho kana kwamba ni kitu kigeni. Kwa nini, hakuna anayejua. Mtu hupata tu. Dawa yake ni vidonge vya steroidi, vinavyoiambia kinga ipoe.

Nilimeza asubuhi. Kesho yake nilipoamka nililala pale kitandani nikitafuta maumivu, nikayakosa. Siku tatu baadaye kope ilikuwa imepanda. Nilimwambia daktari amefanya muujiza. Akakataa. Alisema dawa hii hutuliza mambo mengi haraka, hata mabaya, kwa hivyo kupona upesi si ushahidi kwamba amepatia. "Tutajua tukianza kuipunguza." Nimempenda zaidi kwa maneno hayo. Wengi wangeipokea sifa wakae nayo.

Vidonge sitaviacha ghafla hata nikijisikia mzima, kwa kuwa mwili ukizoea dawa hii unasahau kutengeneza ya kwake. Tutashuka polepole. Usingizi umenipungua, uso umekuwa wa mviringo, na juzi nilimgombeza Anti kwa sababu ya kijiko. Daktari alikuwa ametuonya kuhusu hayo yote, na Anti alicheka tu, akasema ni dawa inayoongea.

Kuhusu kuja: hapana. Mapumziko ya katikati ya muhula yako karibu, utaniona nyumbani Muhoroni. Ukija sasa utakaa kwenye benchi la kliniki ukinitazama, na kazi ya kunitazama tayari ina mwenyewe.

Mama


Maseno
6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Tulifika shuleni salama, na natumai hujambo tangu niondoke. Unga wa wimbi ulionifungia umefika wote.

Nilitaka kukuambia jambo nyumbani nikashindwa. Nilikuja nikidhani nitakukuta umelala. Nikakukuta umeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya shamba la miwa, umevaa kofia kubwa, umefunika jicho na kitambaa, unamfundisha Griffins kurudisha nyuma trela mbili kwa pamoja. Hukupiga kelele hata alipogonga mtaro. Ulimwambia tu asikie uzito wa trela mgongoni mwake, ajaribu tena. Alipofaulu ulipiga makofi mara moja, kisha ukaendelea kana kwamba si kitu.

Ulikuwa unampa kazi yako, Mama. Mwingine angeificha.

Nilimsikia pia yule mama jirani akisema uso wako umevimba kwa kurogwa, na nikasikia ulivyomjibu: "Ni dawa, dada, na nina karatasi ya daktari. Ukiumwa jicho njoo nikuonyeshe njia." Mimi ningemfukuza. Sasa naambiwa alikuomba kweli umpeleke mjukuu wake kwa daktari.

Najua kipimo cha dawa kinashushwa mwezi huu. Niandikie mara moja.

Binti yako,
Sheryl


Maseno
20 Julai 2025

Mama,

Hujambo? Anti hajambo? Sijapata jibu lako na wiki mbili zimepita. Nilimwomba mwalimu wa zamu akupigie, simu haikupatikana. Siku ya wazazi ilipita jana. Nilikungojea karibu na geti hadi wazazi wa mwisho walipoondoka.

Sikulaumu kwa kutokuja. Nataka tu mstari mmoja.

Sheryl wako


Otonglo
24 Julai 2025

Sheryl mwanangu,

Huu ni mwandiko wa Anti Akinyi, maneno ni yangu. Usishtuke. Wote tunakusalimu.

Imerudi. Nilimeza kila kidonge kama nilivyoagizwa, sikuruka hata kimoja. Tulipofika kipimo cha chini, maumivu yakaanza tena, na safari hii hata kwenye sehemu ya juu ya jicho, upande wa nje, kumeota uvimbe unaogusika. Jicho limefumba kabisa. Nilimwuliza daktari nimekosea wapi. Akasema sikukosea, ugonjwa huu una tabia ya kurudi hata kwa mgonjwa mwaminifu. Halafu akaniambia, "Lakini sasa una haki ya jibu kamili." Anataka kukata kipande kidogo cha uvimbe huo kikaangaliwe. Kuna aina ya saratani inayojificha hivyohivyo, na hutulia kidogo ikionjeshwa steroidi.

Nilitaka kukuficha neno hilo. Anti amekataa kuandika barua isiyo nalo.

Kuna jambo gumu. Nimemwomba daktari anipandishie vidonge leo, kwa sababu maumivu yananifanya nishike ukuta. Alikaa karibu yangu, akanishika mkono. Akasema akipandisha sasa, dawa itafuta alama anazozitafuta, na kipande kitatoka hakina la kusema. Ananiomba nivumilie hadi siku ya kukatwa, kwa dawa za maumivu tu. Kila asubuhi naenda ananipima na kile kifuniko chekundu. Siku wekundu ukififia, hatasubiri chochote, atanipa dawa nyingi papo hapo. Nimekubali. Sikukubali kwa ushujaa. Nimechoka kutojua, basi.

Simu niliizima kwa sababu mwangaza wake unaniuma. Siku ya wazazi nilikuwa kitandani. Nisamehe kwa kukuacha getini.

Mama, kwa mkono wa Anti


Maseno
27 Julai 2025

Mama,

Nakusalimu kwa moyo wote. Asante, Anti, kwa kuliandika neno lile.

Shule inafungwa Ijumaa. Sitapitia Muhoroni. Nitakuja moja kwa moja Kisumu na sanduku langu, na siku ya kukatwa mimi ndiye nitakayeketi mlangoni. Tafadhali usinijibu kwamba hapana.

Binti yako


Muhoroni
7 Septemba 2025

Nyathina, mwanangu,

Umeamkaje huko? Natumai ulipata kitanda karibu na dirisha kama ulivyotaka. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, uutazame vizuri.

Majibu yametoka. Si saratani.

Daktari Beldina hakutaka kuniambia kwa simu. Aliniita, nikaenda na Anti, na Anti alikuwa anasali kwa sauti tangu tulipoingia getini. Daktari alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, hakungoja tuketi. "Mama Sheryl, si saratani." Kisha akatuketisha na kutueleza yote taratibu, kwamba waliangalia kipande kile kwa njia kadhaa, na kwamba alikituma pia kwa mwalimu wake wa zamani kwa sababu hakutaka kutegemea macho ya mtu mmoja. Walikubaliana. Ni kuvimba tu, kinga iliyokosea adui, kama alivyofikiri mwanzo. Niliona anafuta miwani yake mara nyingi.

Huwa nakumbuka jinsi ulivyokaa siku ile. Nilipotolewa chumba cha upasuaji nikiwa nimefungwa bandeji, sikuona mtu, lakini nilisikia mkono wako ukishika wangu na sauti yako ikimuuliza muuguzi maswali moja baada ya jingine: bandeji ifunguliwe lini, asilale upande gani, dalili gani itufanye turudi mbio. Muuguzi alidhani wewe ni mwanafunzi wa udaktari. Na zile siku za kabla, uliponisomea magazeti ili nisahau maumivu, hata matangazo ya viwanja ulisoma. Sikukushukuru vya kutosha.

Sasa ninameza steroidi kidogo pamoja na dawa nyingine, hii ni ya mara moja tu kwa wiki. Daktari alirudia mara nyingi: kwa wiki, si kwa siku, kwa kuwa waliomeza kila siku kwa makosa wamepata madhara makubwa. Nimechagua Jumapili, nikitoka kanisani. Damu yangu inapimwa kuangalia ini. Dawa hiyo ya wiki ndiyo itakayoniwezesha kuacha steroidi bila jicho kurudi kuvimba. Inafanya kazi polepole, lakini jicho limerudi mahali pake. Ninayoiona kwenye kioo ni sura ninayoifahamu, ila mashavu.

Anti anasema baada ya haya yote lazima wewe uwe daktari. Mimi nami nimeanza kuliwaza hilo.

Mama yako


Muhoroni
19 Oktoba 2025

Mwanangu Sheryl,

Natumai umelala vizuri tangu ile Siku ya Maombi ya watahiniwa shuleni kwenu na huna homa ya mtihani. Mimi ni mzima.

Nataka kukuambia kilichotokea upande wangu, kwa sababu wewe uliona upande wako tu. Nilikuja nikiwa nimeamua kukaa chini ya mti ulio nje ya ukumbi, karibu na walinzi, nimpe mzazi mwingine kikapu akuletee. Uso bado ni wa mviringo, kovu la kope bado jekundu, na nilipoingia getini mabinti wawili walinitazama kisha wakatazamana. Nikasema moyoni, mtoto wangu ana mtihani, hahitaji kuanza kueleza mama yake ana nini.

Halafu nikakuona unakuja mbio na sketi umeishika. Hukuniuliza kwa nini niko nje. Ulichukua kikapu, ukanishika mkono kama tunavuka barabara, ukanipeleka hadi meza ya mbele. Na kila meza tuliyoipita ulisimama. "Huyu ni mama yangu. Anaendesha trekta ya miwa." Hukusema neno kuhusu jicho. Wazazi walinipa mkono. Baba mmoja mwenye tai akaniuliza trekta ya aina gani, tukazungumza juu ya gia hadi pasta akaanza kuomba.

Nilisali kidogo sana siku ile, nilikuwa nakutazama.

Habari ya mwisho: Daktari Beldina amenipima tena. Nikitazama mbele na chini, kitu ni kimoja. Nikitazama juu kabisa upande wa kushoto, bado viwili, na pengine itabaki hivyo. Ameniruhusu kuendesha ndani ya mashamba, si barabarani. Nilimwambia dereva wa miwa asiye na barabara ni nusu dereva. Akasema, "Basi kuwa nusu yenye macho mawili." Tumecheka. Nitavuta trela kutoka shambani hadi ukingoni, Griffins ataipeleka kiwandani. Jumatatu tunaanza.

Fanya mtihani wako kwa utulivu.

Mama


Maseno
1 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu, na Anti, na Griffins, na Daktari Beldina ukimwona kabla yangu. Mimi ni mzima. Jumatatu tunaanza karatasi ya kwanza.

Baada ya wazazi kuondoka siku ile, wale mabinti wawili walikuja bwenini kwetu. Mmoja aliniuliza kama ni kweli unaendesha wewe mwenyewe, au unamsaidia mwanamume. Nilimweleza kuhusu trela mbili, na mteremko wa mtoni wakati wa mvua. Walikaa kitandani kwangu hadi kengele ilipolia.

Wiki hii mwalimu wa ushauri alituita mmoja mmoja, akauliza tunataka kusomea nini. Nilipoingia, alikuwa ameshaandika "udaktari" kwa penseli. Ameambiwa habari zako, akaona ni jambo lililokwisha. Ninampenda Daktari Beldina. Nikiwa mtu mzima nataka kusema "bado sijui" kama anavyosema yeye, bila kutetemeka, kisha nitafute hadi nijue. Lakini nilimwomba mwalimu afute. Nilimwambia nataka uhandisi wa mashine za kilimo. Akauliza ni nani aliyenipa wazo hilo, nikasema nimekua nikimtazama mtu mmoja.

Najua ulikuwa umeanza kuwaza mengine, na ukikasirika tutazungumza. Usiniandikie jibu, barua itanikuta katikati ya mtihani. Nikimaliza karatasi ya mwisho nakuja nyumbani mchana huohuo. Kama utakuwa shambani, usizime trekta. Nitapanda ikiwa inatembea.

Ni mimi mwanao,
Sheryl